Akirudi Kutoka Gerezani

Leo tuna jambo zito. Kama watoto wadogo wako karibu na redio, watafutie shughuli nyingine kwanza.

Fikiria jirani aliyefungwa kwa kumdhalilisha mtoto kingono. Amemaliza kifungo, amerudi kwenye bloku yenu. Analia, anaapa hatarudia. Wengine wanataka afukuzwe, wengine wanasema yamekwisha. Wewe utafanya nini?

Wataalamu wanaowatibu watu kama huyu hawategemei kiapo. Wanasema kosa hili mara nyingi huanza kabla ya siku lilipotendeka. Mtu huwa mpweke au mwenye hasira. Huwaza mabaya, kisha hujidanganya kwamba mtoto hataumia. Halafu hutafuta nafasi: hutoa pipi, hujitolea kulea watoto wa wenzake. Katika matibabu, hufundishwa kuzitambua hatua zake na kuikata njia mapema.

Je, mafunzo yanatosha? Huko California, Marekani, mafunzo hayo yalijaribiwa kwa wafungwa kuanzia miaka ya 1980. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2005, yalionyesha kwamba kwa jumla waliofundishwa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wasiofundishwa.

Kanada walijaribu njia nyingine. Mwaka 1994, katika mji wa Hamilton, watu wa kanisa walimzunguka mwanamume mmoja aliyetoka gerezani. Walimsaidia kuishi, lakini pia walimuuliza maswali magumu, bila kumwacha peke yake. Njia hiyo ilienea hadi Uingereza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimpige wala usimfukuze. Ukimfukuza, atahamia bloku ambako hakuna anayemjua. Zungumzeni na ofisi ya ulinzi wa watoto. Watu wazima wachache wamfuatilie kila wiki. Asiachwe na mtoto peke yake, asifundishe watoto, asipewe kazi ya kuwalinda. Akikasirishwa na masharti haya, msiyalegeze.

Na yule mtoto aliyeumizwa? Yeye ndiye wa kwanza. Asilazimishwe kumsalimia wala kumsamehe. Mbuzi wa wazee hamponyi mtoto.

Likitokea tena, usisubiri kikao. Mpeleke mtoto hospitali mara moja: dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72. Kisha toa taarifa.