Nani Atalipia Mguu wa Pili? Vifaa Saidizi na Fedha Zake Mjini Goma

Asubuhi, mpaka wa Petite Barrière unapofunguliwa kati ya Goma, mashariki mwa Kongo, na Gisenyi, Rwanda, baiskeli za magurudumu matatu huwa zimeshapanga foleni. Mwenye baiskeli ameketi katikati, anazungusha pedali kwa mikono. Mnyororo unashuka kutoka usawa wa kifua chake hadi kwenye gurudumu la mbele, na nyuma yake kuna karia ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani, pana ya kutosha magunia ya unga na maharage na madumu ya mafuta. Penye mwinuko, vijana wanaoishi kwa kazi hiyo wanasukuma. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamepewa nafuu ya ushuru hapo mpakani, ndiyo maana wafanyabiashara huwatafuta wao kwanza wawavushie mizigo. Jambo kama hilo limejulikana tangu zamani kwenye vivuko vya mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville.

Hakuna wizara iliyoubuni mpango huu. Umezaliwa na watu waliopata kifaa, wakakibadilisha kifuate kazi yao, kisha wakaendelea kukitengeneza kwa jasho lao wenyewe. Ni mafanikio ya kujivunia, lakini yana ukomo wake. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, mapato yalikatika kwa mkupuo, na fedha za matairi zikakatika nayo. Tena mtoto aliyekatwa mguu hana mzigo wa kuvusha, wala bibi ambaye masikio yake yameanza kufa hana.

Hoja ya mhadhara huu ni fupi. Watu wanapozungumzia vifaa saidizi, swali la kwanza huwa ni nani atakayetoa kifaa. Swali linaloamua maisha ya mtu ni nani atakayelipia cha pili na cha tatu, pamoja na spea zote za katikati.

Ukubwa wa haja

Mei 2022, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu teknolojia saidizi. Ilionyesha kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja: miwani, kisaidizi cha kusikia, kiti cha magurudumu, kiungo bandia, au programu ya simu inayomsomea asiyeona. Karibu bilioni moja hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji, wakati katika nchi tajiri wanafika asilimia 90.

Mkoa wa Kivu Kaskazini, ulipo mji wa Goma, una sababu zake za kuongeza idadi hiyo. Kuna risasi na mabomu, kuna ajali za pikipiki, na kuna kisukari kinachokata miguu ya wazee kimyakimya. Na mji wenyewe umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima uliomwaga lava ndani ya Goma Januari 2002 na ukalipuka tena Mei 2021. Barabara nyingi za mitaani bado ni mawe hayo meusi yenye makali. Kiti cha magurudumu kilichoundwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, kinakwama kwenye jiwe la kwanza, na kikisukumwa kwa nguvu kinamwangusha aliyeketi.

Mguu unavyotengenezwa

Anayetaka kuelewa kwa nini fedha za mara moja hazitoshi, na atazame kazi ya karakana. Kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, ambacho kimekuwa kikisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR), kinatengeneza viungo bandia. Katika kazi hii fundi huanza na kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Hukipima, hukizungushia bendeji ya plasta, na ikikauka huivua polepole isiharibike. Ndani ya umbo hilo tupu humimina plasta nyingine, nayo ikiganda anapata nakala kamili ya kigutu.

Hapo ndipo ufundi hasa unapoanza. Kwa tupa, anakwangua sehemu ambazo nyama inaweza kubeba uzito, na mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi anaongeza plasta ili pasibanwe. Halafu bamba la polipropilini linaingia kwenye tanuri mpaka lilainike, linavikwa juu ya nakala, na pampu inafyonza hewa ili plastiki ishike kila mkunjo. Baadaye zinaungwa sehemu za chini na unyayo. Mgonjwa anasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia na kuchukua hatua. Akisema panauma, fundi anarudi kurekebisha.

CICR ilichagua polipropilini kwa sababu ni nyepesi, ni imara, ni ya bei nafuu na inaweza kupashwa moto na kurekebishwa. Mwaka 2004 chama cha kimataifa cha wataalamu wa viungo bandia kiliitunuku zawadi kwa mbinu hiyo. Lakini hata plastiki ya bei nafuu haimalizi hesabu. Mtoto anakua, na mguu wa mwaka jana unambana; mara nyingi anahitaji mwingine kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mtu mzima huhitaji kubadilisha kila miaka 3 hadi 5. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka 6 atahitaji miguu 12 hadi 24 kabla ya kufika 18. Akiishi mpaka 60, kuna mingine 8 hadi 14. Mfadhili aliyepigwa picha akimkabidhi mguu wa kwanza amelipia sehemu ndogo sana ya safari hiyo.

Hesabu ni ileile kwa vifaa vingine. Betri ndogo ya kisaidizi cha kusikia huisha kwa wiki moja au mbili. Fimbo nyeupe inavunjika, tairi linachanika. Kifaa kisicho na spea huishia uvunguni mwa kitanda, na mwenyewe anarudi kubebwa mgongoni.

Mahali pa kuanzia

Kukipata kifaa ni kazi yenyewe, na Goma ina watu walioijenga kwa miaka. Daktari Kasereka Lusi, aliyejulikana kama Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn, walianzisha hospitali ya HEAL Africa. Lava ya 2002 iliiteketeza, ikajengwa upya. Hospitali ya CBCA Ndosho imekuwa ikipokea majeruhi wa vita kwa msaada wa CICR, na Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, majeruhi waliofika walizidi kwa mbali vitanda vilivyokuwepo. Handicap International nayo imefanya kazi ya mazoezi ya viungo nchini tangu miaka ya 1990.

Tatizo ni kwamba njia kutoka kitandani mpaka karakanani hukatika katikati. Kazi ya mguu bandia huanza siku ya upasuaji, pale daktari anapochagua urefu wa mfupa atakaouacha. Huendelea wodini: ndugu mwenye huruma akiweka mto chini ya goti la mgonjwa kila siku ili apumzike vizuri, goti linakakamaa limekunjwa, na baada ya miezi michache mguu bandia hauwezi kuvaliwa mpaka goti linyooshwe tena. Neno moja la mtaalamu wa mazoezi kwa familia, likisemwa mapema, linaokoa fedha nyingi.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya magurudumu uliigawa huduma katika hatua 8, kuanzia kuelekezwa na kupimwa, kupitia kuagiza, kukiandaa kifaa na kukilinganisha na mwili, hadi kumfundisha mtumiaji na kufuatilia matengenezo. Kukabidhiwa kiti si mwisho wa orodha hiyo. Mhandisi wa Marekani Ralf Hotchkiss, mwenyewe mtumiaji wa kiti, amefanya kazi miaka mingi akisisitiza kanuni moja ambayo mafundi wa mtaa wa Birere, Goma, watakubaliana nayo bila kubishana: kiti kitumie vipuri vya baiskeli vinavyouzwa sokoni hapohapo.

Fedha zinazotegemea vita

Kwa muda mrefu fedha za viungo bandia mashariki mwa Kongo zimetoka nje, na nyingi zimefuata milio ya bunduki. Marekani, kwa mfano, ilikuwa na mfuko wa wahanga wa vita uliopewa jina la Seneta Patrick Leahy, ulioanza 1989 na kusimamiwa na USAID, ukisaidia huduma hizi katika nchi nyingi zilizopitia vita. Januari 2025, mwezi uleule waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, misaada ya USAID ilisimamishwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Benki za Goma nazo zilikuwa zimefunga milango na uwanja wa ndege umesimama. Katika mwezi huo wa Januari, idadi ya waliohitaji iliongezeka, na njia za kuwafikia zikapungua.

Sheria zipo. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2015, na ibara ya 20 ya mkataba huo inazungumzia vifaa vya kutembelea kwa bei ambayo mtu anaimudu. Sheria ya Mei 3, 2022 ikaingiza haki hizo katika sheria za nchi. Kinachokosekana ni fungu linaloonekana kwenye bajeti, mwaka baada ya mwaka.

Majirani wamejaribu njia tofauti. Kenya, kwa sheria ya 2003, iliunda Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, na mtu anaweza kuomba kifaa kupitia ofisi zake. Tanzania iliwekeza kwa mafundi: chuo cha TATCOT huko Moshi, kilichoanza 1981 katika hospitali ya KCMC, kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Rwanda, ng'ambo ya foleni ile ya Petite Barrière, ilitangaza mwaka 2025 kwamba viungo bandia vitaingia katika bima ya afya ya jamii, Mituweli. Njia ya Rwanda ndiyo inayogusa kiini cha suala hili, kwa kuwa bima inaweza kulipia pia kifaa cha pili.

Kwa wanaodai fedha hizo zitapotea bure, lipo jibu la kitaalamu. Mwaka 2020 ushirika wa kimataifa wa ATscale ulikadiria kwamba kila dola moja inayowekwa kwenye miwani, visaidizi vya kusikia, viungo bandia na viti vya magurudumu inarudisha dola 9. Miaka miwili kabla, utafiti uliofanywa kwa wachumaji chai wa Assam, India, ulionyesha kuwa miwani ya kusomea peke yake iliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20.

Yanayowezekana hapa

Goma haina sababu ya kusubiri mfumo kamili. Hospitali zinaweza kukubaliana leo kwamba hakuna anayekatwa kiungo akatoka wodini bila karatasi ya kumpeleka karakanani na maelezo ya namna ya kulaza mguu. Vyama vya waendesha baiskeli mpakani, ambavyo tayari vinajua kuchanga, vinaweza kufungua akiba ya spea kupitia fedha za simu, hata benki zikiwa zimefungwa. Forodha inaweza kuifuata kanuni ya Itifaki ya Nairobi ya 1976, inayoondoa ushuru kwenye vifaa vya watu wenye ulemavu, ili nafuu isibaki kwenye mzigo ulioko juu ya karia peke yake. Vyuo vikuu vya mji vinaweza kuwaleta wachomeleaji na wataalamu wa mazoezi ya viungo kwenye meza moja, wabuni kiti kinachohimili mawe ya lava.

Na kila mfadhili anayekuja na kontena la viti aulizwe mambo matatu kabla halijafunguliwa: nani atampima kila mtumiaji, spea zitapatikana duka gani, na fungu la matengenezo la miaka 5 liko wapi. Asiye na majibu aombwe kupunguza idadi ya viti, na tofauti hiyo ilipe mishahara ya mafundi.