Kazi Ndiyo Ichague Skrini: Pana Zaidi au ya Kawaida?

*Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa kaunti kwa vijana wanaofanya kazi mtandaoni na wafanyabiashara wadogo, katika mafunzo ya kidijitali. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.*

 

Nimeombwa nijibu swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika mafunzo haya. Mtu akitaka kununua skrini ya kompyuta ya kuwekwa mezani, achukue ile ya kawaida au ile ndefu ya upana, ambayo wauzaji huiita altrawaidi?

Swali linaonekana dogo, lakini wengi wenu mnanunua kwa pesa za chama, au kwa mkopo unaolipwa kila mwezi, kazi iwe imepatikana au haijapatikana. Skrini ikishatolewa kwenye katoni, ni vigumu kumrudishia muuzaji kwa sababu tu haikufaa kazi yako. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Skrini pana inapendeza ikiwaka dukani, lakini haya ni mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa.

Mimi ni mtu wa habari, si fundi. Kazi yangu ni kuandika, kupanga kurasa za jarida hili na kuhariri video za shughuli za kaunti, kwa hivyo nazungumza kama mtu anayekaa mbele ya skrini kutwa nzima.

Inchi zinapimwaje?

Skrini ya kawaida ina uwiano wa 16 kwa 9, sawa na televisheni nyingi za nyumbani. Ukigawa upana wake mafungu 16, kimo chake ni mafungu 9. Skrini pana zaidi ina uwiano unaokaribia 21 kwa 9. Imeongezewa upana bila kuongezewa kimo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Inchi zinazoandikwa kwenye katoni si za upana wala za kimo. Zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona moja ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa hivyo skrini mbili za maumbo tofauti haziwezi kulinganishwa kwa inchi peke yake.

Mfano ni huu. Skrini ya kawaida ya inchi 27 ina upana wa takriban sentimita 60 na kimo cha takriban sentimita 34. Skrini pana ya inchi 34 ina upana wa takriban sentimita 80, lakini kimo chake ni sentimita 33. Umeongeza inchi saba kwenye jina, na kimo hakikuongezeka hata kidogo. Tena, skrini ya kawaida ya inchi 32 ina eneo kubwa kuliko ile pana ya inchi 34, ingawa namba yake ni ndogo.

Mfano wa pili unawahusu zaidi wenye bajeti ndogo. Kuna skrini pana za inchi 29. Kimo chake ni chini kidogo ya sentimita 29. Skrini ya kawaida ya inchi 24, ambayo ni ndogo kwa jina, ina kimo cha karibu sentimita 30. Mtu anaweza kudhani amenunua kubwa, kumbe kwa kusoma barua amenunua fupi.

Njia rahisi ya kukagua ni kubeba karatasi moja ya A4 unapokwenda dukani. Karatasi hiyo ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Isimamishe mbele ya skrini. Kwenye inchi 24 ya kawaida itaenea barabara kutoka juu hadi chini. Kwenye inchi 29 pana itazidi kidogo. Kisha hesabu karatasi zinazoweza kukaa kando kwa kando: mbili kwenye inchi 24 au 27, tatu kwenye inchi 34 pana. Hapo utajua unanunua nini, bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Unasogeza chini au kando?

Kazi ndiyo ichague skrini. Ili kuijua kazi yako, jiulize swali moja: ukiwa kazini, mara nyingi unasogeza ukurasa kwenda chini, au unasogeza kwenda kando?

Kazi nyingi zinakwenda chini. Anayeandika manukuu ya sauti anateremka ukurasa kwa ukurasa. Mwenye saiba anayewajazia wateja fomu za eCitizen au kuwasilisha ritani za KRA anateremka. Anayeandika programu za kompyuta anateremka. Mwalimu anayetunga mtihani na karani anayesoma kumbukumbu za mkutano pia wanateremka. Hawa wanahitaji kimo. Upana wa ziada utawapa nafasi tupu kulia na kushoto, huku mistari ya maandishi wanayoiona kwa mara moja ikiwa ileile.

Kuna kazi zinazokwenda kando. Mhariri wa video za harusi hupanga vipande vyake kwenye mstari mrefu unaotoka kushoto kwenda kulia. Skrini ikiwa pana, anaona sehemu kubwa zaidi ya sherehe bila kusogeza. Mtayarishaji wa muziki ana hali hiyohiyo. Mhasibu wa SACCO mwenye jedwali la Excel lenye safu za Januari hadi Desemba, pamoja na jumla, anaweza kuziona zote pamoja. Watu hawa wakinunua skrini pana, na pesa zikiwepo, wananunua kifaa cha kazi.

Hata hivyo, mhasibu huyo akiwa na orodha ya wanachama 400, majina yao yanakwenda chini, si kando. Ndiyo maana nasema utazame kazi yenyewe, si cheo cha anayeifanya.

Kama tayari una laptopu

Wengi wenu mna laptopu. Basi tayari mna skrini moja. Ukiongeza skrini ya kawaida ya inchi 24 kando yake, unakuwa na mbili. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua Extend, yaani kupanua. Weka sauti unayoinukuu au ujumbe wa mteja kwenye laptopu, na kazi yenyewe kwenye skrini kubwa. Kwa anayeanza, huu ndio mpango ninaoupendekeza kwanza.

Skrini mbili za kawaida zikiwekwa pamoja zina faida nyingine. Moja ikiharibika, unaendelea na kazi kwa iliyobaki huku ukitafuta fundi. Skrini pana moja ikizima, kazi yote imesimama. Pia, kwa kikundi, skrini mbili zinaweza kukaliwa na watu wawili kwenye kompyuta mbili. Skrini pana, hata iwe nzuri namna gani, hukaliwa na mtu mmoja. Kabla chama hakijaamua, kiombe bei ya skrini pana moja na ya skrini mbili za kawaida kutoka duka lilelile siku ileile, kisha wanachama waulizane ni wangapi watapata kazi kwa kila uamuzi.

Skrini mbili zina kasoro zake. Kuna ukingo katikati unaokata picha, nyaya ni nyingi, na kompyuta lazima iwe na matundu ya kutosha. Mhariri wa video asiyetaka mstari wake ukatwe ana sababu ya haki ya kupendelea skrini pana moja.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

*Pikseli.* Hizi ni nukta ndogondogo zinazounda picha. Inchi 24 ya kawaida huwa na 1920 kwa 1080. Inchi 27 nzuri ina 2560 kwa 1440. Inchi 34 pana inayofaa kazi ya maandishi ina 3440 kwa 1440. Jihadharini na inchi 34 yenye 2560 kwa 1080, inayouzwa kwa bei ya chini. Hiyo 1080 ya mwisho maana yake ni kwamba nukta zake kutoka juu hadi chini ni sawa na za inchi 24. Hutapata mistari zaidi ya maandishi, na herufi zitaonekana zenye chembechembe.

*Tundu na kebo.* Kompyuta ya zamani yenye tundu la VGA pekee haifai kuunganishwa na skrini pana. Hata HDMI za zamani, nyingine hushindwa kutoa picha kamili ya 3440 kwa 1440 bila kuyumba. Beba laptopu yako dukani, iunganishe, fungua ukurasa wa maandishi na usome.

*Meza.* Skrini pana ya sentimita 80 inahitaji meza inayozidi upana huo, na nafasi ya kukaa umbali wa urefu wa mkono. Ukikaa karibu mno, utakuwa ukigeuza shingo siku nzima. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Skrini pana nyingi zimepinda ili kingo zake ziwe karibu na macho. Kwa maandishi na video ni sawa, lakini mchoraji wa ramani za nyumba ajaribu kwanza, kwa sababu mistari iliyonyooka inaweza kumwonekania kama imepinda.

*Mikutano ya mtandaoni.* Ukionyesha skrini pana nzima kwenye Zoom au Teams, mwenzako mwenye laptopu au simu ataona utepe mwembamba wenye herufi ndogo asizoweza kusoma. Onyesha dirisha moja tu la programu, si skrini nzima. Vilevile, video nyingi za YouTube na matangazo ya televisheni ni za 16 kwa 9, kwa hivyo zitaacha weusi pande zote mbili. Filamu nyingi za sinema ndizo zinazokaribia kuijaza.

*Umeme.* Soma idadi ya wati kwenye lebo. Kwa kawaida skrini kubwa hula umeme mwingi zaidi, na tokeni mnanunua wenyewe. Kama mnatumia sola au betri ya akiba, wati hizo ndizo zitakazoamua mtafanya kazi kwa muda gani umeme ukipotea.

*Zilizotumika.* Si aibu kununua skrini iliyotumika. Iwashe kwa dakika kumi, weka picha nyeupe kisha nyeusi, utafute madoa na mistari. Hakikisha stendi imo na ni imara. Stendi inayoruhusu skrini kusimamishwa wima ni neema kwa msomaji wa nyaraka, kwa kuwa inchi 24 ikisimamishwa hivyo ina kimo cha sentimita 53. Dai risiti na waranti iliyoandikwa.

Pesa za umma pia zipimwe hivi

Niseme neno moja kuhusu ofisi za umma, kwa sababu wako kati yenu vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaouzia serikali vifaa kupitia mpango wa AGPO, uliotengewa asilimia 30 ya zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka mahitaji ya kiufundi yaeleze kazi ambayo kifaa kinapaswa kufanya, badala ya kutaja jina la kampuni fulani. Kwa hivyo ofisi ikiomba skrini, ieleze ni za kazi gani: kusajili wananchi, kuhariri video au kuchora ramani. Karani wa mapokezi anayejaza fomu hahitaji inchi 34. Nanyi wakazi mna haki ya kuuliza mkiona kifaa cha bei ghali kimewekwa mahali ambapo cha kawaida kingetosha. Kuuliza huko si uchochezi, ni kulinda kodi yenu.

Kwa kumalizia, nawaomba mfanye zoezi moja wiki hii kabla ya kwenda dukani. Kwa siku tatu mfululizo, weka daftari kando ya kompyuta na uandike kila unaposumbuka kusogeza ukurasa: C kwa chini, K kwa kando. Siku ya tatu jioni, hesabu. C zikizidi, tafuta kimo, yaani inchi 24 au 27 ya kawaida. K zikizidi kwa mbali, na meza, kompyuta na pesa vinaruhusu, nunua skrini pana bila wasiwasi. Na kama alama zote ni chache, basi skrini uliyo nayo inakutosha. Weka pesa hizo kwenye intaneti ya uhakika au kiti kizuri cha kukalia.

 Sasa nakaribisha maswali.