Kila Mmoja na Mzigo Wake
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu, Ipuli, Tabora)



Nimeombwa niseme machache, nami nitayafanya machache kweli, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia.

Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa kiasi cha kilo 30 kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilikwenda zao ng'ambo. Kilichobaki kwetu ni Kiswahili, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo.

Mimi nilikuja hapa kutoka Ukerewe. Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alitaka kila mmoja alete jambo la kwao kwa gazeti la ukutani. Rafiki yangu wa Newala alichora kinyago cha Kimakonde, watu wamebebana kama nguzo moja. Mimi sikuleta kitu, niliona haya. Akaniuliza, "Kwani kwenu hamna wazee?"

Likizo ilipofika nilikwenda na daftari kwa babu. Nilikuta matanga. Bibi alinipa hadithi tatu. Nyingine, alisema, babu ameondoka nazo.

Chuo kikuu nilikisoma kitabu cha Mkerewe mwenzangu, Mzee Aniceti Kitereza, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, mchapishaji asipatikane. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Nilimpelekea rafiki yangu wa Newala. Akanijibu kwa barua: je, bado mnakomboa wake zenu kwa pombe ya ndizi? Nilicheka, kisha nikamkumbuka babu.

Wadogo zangu, mwandikeni mzee wenu mmoja: ukurasa huu lugha ya nyumbani, ule wa pili Kiswahili. Kisha mwenzenu wa kabila jingine aichore hadithi hiyo. Huo si ukabila. Ukabila ni kudharau cha mwenzako. Kiswahili ni njia yetu sote, lakini njia isiyopitisha mizigo huota majani.

Nimeleta madaftari; yako kwa Mwalimu Mkuu. Likizo i karibu. Msichelewe kama mimi.