SAKAFU INAYOLIA KAMA NGOMA

(Mazungumzo ya mafundi waashi na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kipawa, Dar es Salaam)



Leo tunazungumza juu ya sakafu. Sisi mafundi waashi wa hapa Kipawa tunaitwa mara nyingi kwenye nyumba zinazokarabatiwa. Tunaonyeshwa sakafu ya saruji. Kwa macho ni nzuri, imenyooka, inang'aa. Lakini ukiigonga kwa mpini wa nyundo, inalia kama ngoma. Baada ya muda inapasuka, kisha inabanduka vipande vipande. Mtoto anajikwaa. Maji ya kudeki yanaingia chini. Mende wanapata makazi.

Mwenye nyumba hutuuliza: "Fundi, si upake niru tu hapo juu, yaishe?" Sisi hujibu: "Hapana, mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Niru ni ngozi tu. Ikipakwa juu ya sakafu isiyoshika, vyote viwili vitabanduka, na fedha yako itapotea mara ya pili.

Kwa nini sakafu haishiki?

Sakafu ina matabaka mawili. Chini kuna zege la kokoto, ambalo mafundi huliita jamvi. Juu yake kuna tabaka la saruji na mchanga. Tabaka la juu ni jembamba. Nguvu yake inatokana na kushikana na jamvi. Likiachana na jamvi, linabaki kama sahani iliyowekwa juu ya shimo. Ukilikanyaga, linavunjika.

Mambo yanayoachanisha matabaka hayo ni haya. Jamvi halikufagiliwa, likabaki na vumbi, udongo au mafuta. Jamvi lilikuwa laini mno, halikuchongwa. Jamvi lilikuwa kavu, likanyonya maji yote ya saruji. Au sakafu ilimwagwa ikaachwa ikauke kwa jua na upepo, bila kumwagiliwa.

Hapa wengi hudhani saruji huwa ngumu kwa kukauka. Sivyo. Saruji huwa ngumu kwa sababu inaungana na maji. Ikikosa maji mapema, inabaki dhaifu na inasinyaa. Ikisinyaa, inajivuta na kubanduka. Ndiyo maana mara nyingi kona za chumba ndizo huanza kulia.

Kwanza, pima ugonjwa

Usivunje ovyo. Chukua mpini wa nyundo na kipande cha chaki. Gonga sakafu yote, hatua kwa hatua. Panapotoa mlio mzito pako salama. Panapolia kama ngoma, pazungushie chaki. Halafu tazama.

Kama sehemu ni ndogo kama sahani, haina ufa, haichezi, wala si njia ya watu, iache. Itazame tena baada ya miezi michache. Kama ni kubwa, ina ufa au inacheza, itolewe. Kama zaidi ya nusu ya chumba inalia, ni afadhali kutoa sakafu yote ya juu.

Namna ya kutengeneza

1. Kata sehemu mbovu kwa nyundo na tindo. Ikate kwa pembe nne, kingo zisimame wima. Endelea mpaka ufike penye mlio mzito. Piga polepole usije ukatikisa sehemu nzima. Kinga macho yako.

2. Chonga jamvi kwa tindo mpaka liwe na makwaruzo. Lisugue kwa brashi ya waya.

3. Fagia. Osha kwa maji. Fagia tena. Paka kiganja chako chini: kikitoka na vumbi, kazi bado.

4. Loweka jamvi usiku kucha. Asubuhi ondoa maji yaliyotuama. Jamvi liwe bichi, lisiwe na dimbwi.

5. Koroga saruji na maji mpaka iwe kama uji mzito. Ipake kwa brashi kwenye jamvi na kwenye kingo. Paka sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja.

6. Uji huo ukiwa bado mbichi, weka mchanganyiko wako juu. Uji ukikauka kwanza, hautashikisha, utatenganisha. Ukikauka, ukwangue, upake mwingine.

7. Shindilia vizuri, nyoosha kwa ubao, kisha lainisha kwa mwiko.

8. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mwagilia kwa siku 7. Usiweke kabati wala kitanda hapo siku hizo.

Saruji mbichi huunguza ngozi. Vaa mabuti na glavu, na nawa kwa maji mengi.

Vipimo

Changanya saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 3. Mchanga uwe safi. Usitumie mchanga wa ufukweni, kwani una chumvi. Maji yasizidi: ukifumbata mchanganyiko, ubaki donge, usichuruzike.

Tuseme sehemu mbovu ni mita 1 kwa mita 1, na unene ni sentimeta 3. Utahitaji mchanga kama ndoo moja na nusu ya lita 20, na saruji kama nusu ndoo. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya mfuko wa kilo 50. Lakini chumba kizima cha mita 3 kwa mita 3 kitakula karibu mifuko 3. Ndugu, hesabu mwenyewe. Kisomo ulichopata kina kazi hapa.

Kupatana na fundi

Mkipatana, andikeni kwenye karatasi: kuchonga, kuosha, kuloweka, na kumwagilia siku 7. Semeni nani atamwagilia, maana hapo ndipo wengi hutegeana. Bakiza sehemu ya malipo. Siku 7 zikiisha, gongeni sakafu pamoja. Ikitoa mlio mzito, mlipe fundi haki yake yote, bila kumzungusha.

Mwone pia fundi anayefagia kwa nusu siku kabla ya kugusa saruji. Usimwambie anapoteza wakati. Saruji ya kuongeza haiwezi kufanya kazi ya ufagio. Fundi huyo ndiye anayeilinda fedha yako.