Mito ya Barafu ya Milima ya Alps, na Wale Walioichunguza



Halmashauri ilipotutaka tuseme machache jioni hii juu ya uchunguzi wa milima ya Alps, baadhi ya wenzetu walitucheka, wakauliza karani ana habari gani na barafu ya Ulaya. Twawajibu kwamba anayo, tena nyingi kuliko wanavyodhani. Maana katika habari hii sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mwindaji mmoja wa kijijini, na injinia mmoja wa serikali ya jimbo, na waandishi wa hesabu za kodi ambao wengi wao hatuyajui hata majina. Mabwana wenye sifa walikuja nyuma yao.

Kwanza yafaa tueleze mto wa barafu ni kitu gani. Theluji iangukayo juu ya milima mirefu, isipoyeyuka yote wakati wa joto, ile ya mwaka huu huilalia ile ya mwaka jana, na uzito wake huishindilia hata ikageuka barafu ngumu. Barafu hiyo ikizidi unene haitulii mahali pake, bali huteremka bondeni polepole, mfano wa uji mzito katika sinia iliyoinamishwa. Huchukua mawe yaliyoiangukia, makubwa kwa madogo, na huikwaruza miamba iliyo chini yake. Ifikapo penye joto huyeyuka, na mawe yale huyatua papo hapo kama mpagazi atuavyo mzigo. Aliyepata kuitazama barafu ya Kilimanjaro kutoka Moshi ameona jamaa yake.

Basi katika nchi ya Uswisi palikuwa na jambo lililowashangaza wenye elimu kwa miaka mingi. Juu ya milima ya Jura, ambayo ni ya mawe ya chokaa, yamekaa majabali ya itale, mengine makubwa kama nyumba. Moja liko juu ya mji wa Neuchâtel, nalo laitwa Pierre-à-Bot. Asili yake ni upande wa mlima wa Mont Blanc, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Ni nani aliyelibeba? Wataalamu wengi wa siku zile walijibu kwamba ni maji, yaani gharika kuu au mafuriko ya matope, na jibu hilo likawatosha.

Halikumtosha Jean-Pierre Perraudin. Huyu alikuwa mtu wa kijiji cha Lourtier, katika bonde la Bagnes, jimbo la Valais. Alizaliwa mwaka wa 1767, na kazi yake ilikuwa kuwinda mbuzi-mwitu wa milimani. Katika kupanda na kushuka alizoea kuona mikwaruzo katika miamba iliyo mbali na barafu, mfano wa ile aliyoiona karibu na barafu yenyewe. Mwaka wa 1815 alimlaza nyumbani kwake Bwana Jean de Charpentier, mkuu wa machimbo ya chumvi ya Bex. Usiku ule Perraudin akamwambia mgeni wake kwamba zamani barafu ilijaza bonde lote mpaka Martigny, kwa kuwa majabali yaliyoko huko ni makubwa mno kuchukuliwa na maji. Charpentier aliona ni maneno ya ajabu yasiyostahili hata kufikiriwa, akayaacha.

Miaka mitatu baadaye bonde lile lile likapata msiba. Mto wa barafu uitwao Giétro uliangusha mapande makubwa ndani ya mto Dranse, ukauziba, na nyuma ya boma lile la barafu likafanyika ziwa lililozidi kupanda kila siku. Serikali ya jimbo ikampeleka injinia wake, Ignaz Venetz, kijana wa miaka 30. Alifikiri hivi: tukitoboa handaki ndani ya barafu, juu kidogo ya maji, ziwa litakapopanda litaanza kutoka kwa taratibu. Wafanya kazi wakachimba kutoka pande zote mbili tangu mwezi wa Mei hata katikati ya Juni, meta zipatazo 200, huku barafu ikiwaangukia mara kwa mara. Maji yakaanza kutoka, na yapata theluthi moja ya ziwa ikapungua bila madhara. Lakini tarehe 16 Juni 1818, alasiri, boma likapasuka. Watu wapatao 40 walikufa. Wasingechimba, maji yote yangeshuka kwa mkupuo mmoja, na hesabu ya waliokufa ingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo twafikiri si vyepesi kwa mtumishi wa serikali kusimama mbele ya waliofiwa na kuwapa hesabu ya namna hiyo.

Venetz hakuiacha kazi alipomaliza ripoti yake. Alikuwa amekutana na Perraudin na kuyasikiliza mawazo yake, naye akaanza kuzunguka mabonde akitafuta vilima vya mawe vilivyoachwa na barafu za kale. Mwaka wa 1821 aliandika maelezo yake, na karatasi zile zikakaa miaka 12 pasipo kupigwa chapa. (Wenzetu wa mafaili hawatastaajabu.) Mwaka wa 1829, penye nyumba ya watawa ya Great St Bernard, aliwaambia wataalamu wa Uswisi waliokutanika huko kwamba barafu ilipata kufunika nchi mpaka Jura. Wengi walimkataa. Charpentier, ambaye sasa alikuwa rafiki yake, alitoka kwenda kutafuta ushahidi wa kumrudisha katika njia iliyo sawa, na kila alichokiona kikamthibitisha Venetz.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka wa 1836 profesa kijana wa Neuchâtel, Louis Agassiz, alikaa Bex majira ya joto akitaka kuyapinga mambo haya, akaondoka ameyasadiki. Mwaka wa 1837 akayatangaza kwa sauti kuu, na mwaka wa 1840 akatoa kitabu, mwaka mmoja kabla ya kile cha Charpentier. Jina lenyewe la zama za barafu lilibuniwa na rafiki yake, Karl Schimper, mtaalamu wa mimea, na urafiki wao ukaharibika kwa kugombea sifa. Agassiz tunampa haki yake: alipiga kambi juu ya barafu ya Aar na kupima mwendo wake. Huko alikuta kibanda kilichojengwa mwaka wa 1827 na Franz Josef Hugi, kimesafiri na barafu zaidi ya kilometa moja tangu mahali kilipojengwa. Lakini kwetu aliye mwungwana zaidi ni Charpentier, aliyeandika wazi katika kitabu chake kwamba neno hili alilisikia kwanza kwa mwindaji wa Lourtier, tena kwamba yeye mwenyewe alilidharau.

Sasa twaja kwa makarani. Wachunguzi wa historia walitaka kujua barafu ilifika wapi kabla ya kuwapo wapimaji. Jibu lilikuwa katika hesabu za kodi. Mnamo mwanzo wa karne ya 17 barafu za Chamonix, nchi iliyokuwa chini ya watawala wa Savoy, zilishuka mpaka vijijini zikavunja nyumba na kufunika mashamba. Wenyeji wakalalamika kwamba wanatozwa kodi kwa ardhi iliyo chini ya barafu, na mwaka wa 1616 afisa wa hesabu, Nicolas de Crans, alitumwa kwenda kuona kwa macho. Alikuta katika kijiji cha Le Châtelard nyumba chache tu, nyingi hazina watu, na barafu iko jirani. Mwaka wa 1644 askofu alikwenda kuiombea barafu irudi nyuma. Karatasi hizi mwana historia Emmanuel Le Roy Ladurie alizitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1967 juu ya tabia ya nchi tangu mwaka 1000. Aliyeziandika alitaka kujua tu ni nani asamehewe kodi.

Tangu mwaka wa 1874 barafu ya Rhône hupimwa kwa utaratibu. Hapo kwanza walipanga juu yake safu za mawe yaliyopakwa rangi. Vipimo vya siku zetu vinahuzunisha. Katika mwaka wa 2022 Uswisi ilipoteza asilimia 6 ya barafu yake yote, na mwaka wa 2023 asilimia 4 nyingine.

Na jimbo la Valais limepata msiba tena. Mwezi wa Mei 2025 wapimaji waliona mlima ulio juu ya kijiji cha Blatten unabomoka na kuilemea barafu ya Birch. Tarehe 19 watu wapatao 300 wakaamriwa kuhama. Tarehe 28 barafu na mlima vikashuka pamoja, na sehemu kubwa ya kijiji ikafunikwa. Mtu mmoja alikufa, naye hakuwa kijijini. Mto Lonza ukazibwa na kifusi, ziwa likafanyika nyuma yake, na mainjinia wakaenda kulitazama, mpaka maji yalipojipatia njia polepole.