Maneno Elfu Hamsini: Mswada wa Kwanza wa Riwaya na Kipimo cha Neno katika Ukanda wa Ziwa Viktoria



Mwaka 1999, katika eneo la Ghuba ya San Francisco nchini Marekani, watu 21, akiwamo Chris Baty aliyeanzisha zoezi hilo, walikubaliana kuandika kila mmoja riwaya yake ndani ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata zoezi likahamishiwa Novemba, kwa kuwa hali mbaya ya hewa ya huko humfanya mtu abaki ndani. Likaenea duniani. Shirika lililolisimamia lilitangaza kufungwa mwaka 2025, lakini desturi yenyewe haikufungwa nalo: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani maneno 1,667 kila siku, bila kurudi nyuma kusahihisha.

Kijana wa Nyegezi au wa Igoma anayeazimia kujaribu jambo hilo anakabiliwa na mambo mawili ambayo waasisi hawakuyafikiria. La kwanza ni dogo: kando ya Ziwa, Novemba si mwezi wa kujifungia ndani. Ni mwezi wa mvua za vuli, na jembe halingoji sura ya saba ikamilike. La pili ni zito zaidi, nalo ndilo kiini cha mhadhara huu: neno linalohesabiwa ni neno la Kiingereza.

Chukueni sentensi hii: Hakumwambia alikokwenda. Hapa mna maneno mawili. Kiingereza huweza kuhitaji hadi maneno tisa kueleza jambo lile lile, kwani ukanushi, wakati, mtenda, mtendwa na mahali, ambavyo Kiswahili huvifunga ndani ya kitenzi, huko husimama kila kimoja peke yake. Mwandishi wa Kiswahili aliyetimiza maneno 1,667 kwa siku amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake, wala hajui. Akishindwa siku ya kumi na mbili, atadhani ni mvivu.

Haki itendeke, hata hivyo. Kiswahili hakibani kila mahali. Katika kirai kama kitabu cha mtoto wa mwalimu, vihusishi vya umilikishi huongeza hesabu, na Kiingereza huweza kutumia maneno manne pale Kiswahili kinapotumia matano. Kwa hiyo tofauti hutegemea aina ya uandishi: masimulizi yaliyojaa vitenzi hubanwa sana, maelezo yaliyojaa nomino hubanwa kidogo. Mwandishi chipukizi anayefukuza idadi anaweza kuvutwa, bila kufahamu, kupunguza vitenzi na kurundika nomino. Huo ni uharibifu wa mtindo unaoletwa na kikokotoo.

Tena mpaka wa neno ni suala la tahajia. Kizulu na Kisotho ni lugha za Kibantu zenye sarufi zinazokaribiana, lakini Kizulu huandikwa kwa kuunganisha viambishi na Kisotho kwa kuvitenganisha. Wakitunga hadithi moja, Msotho atamaliza wiki kadhaa kabla ya Mzulu, ilhali hakuna aliyesema zaidi ya mwenzake.

Kwa watu wa Ziwa, suala hili lina historia yake kisiwani Ukerewe, safari ya saa chache kwa meli kutoka bandari ya Mwanza. Huko ndiko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, alikomaliza mwaka 1945 riwaya yake kwa lugha ya Kikerewe. Ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wasiojaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume analazimika kwenda kumkomboa kwa pombe ya ndizi. Utengenezaji wa pombe hiyo umeelezwa hatua kwa hatua, kwa subira ambayo msomaji wa haraka huiona ni kurefusha mambo. Sivyo. Kitereza aliandika ili vijana wasisahau mila na lugha, na kwake jinsi ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa ilikuwa sehemu ya kisa. Hapo ndipo zoezi la mwezi mmoja lina hatari na manufaa kwa pamoja: humruhusu mwandishi kumwaga yote anayoyajua, bali halimfundishi kutambua ni kipi kati ya hayo ni kisa na ni kipi ni kujaza ukurasa.

Mswada wa Kikerewe haukupata mchapishaji. Soko la lugha ya kisiwa kimoja lilikuwa dogo mno. Ndipo Kitereza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa kwa mwaka wa chapa 1980, kwa jina Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981, na husimuliwa kwamba nakala zilikuwa hazijamfikia.

Neno kufasiri halitoshi kueleza kazi aliyoifanya. Kikerewe ni ndugu wa karibu wa Kizinza na Kihaya, na lugha za kundi hili hutofautisha katika kitenzi jambo lililotendeka leo, lililotendeka jana na lile la zamani. Kiswahili kina -li- kwa yote matatu. Msimulizi anayehamia Kiswahili hupoteza ngazi hizo za wakati, na hana budi kuzijenga upya kwa vielezi, kwa mpangilio wa sentensi, au kwa kuziacha zipotee akijua anachokiacha.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa hicho hicho, alifuata njia nyingine. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971 moja kwa moja kwa Kiswahili, ikiwa na Ukerewe na Mwanza ndani yake. Ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, jambo ambalo halikuizuia kusomwa. Kwamba kisiwa kimoja kimetoa njia zote mbili kunamwonyesha kijana wa leo kuwa uchaguzi wa lugha ya mswada wa kwanza uko wazi.

Kwa msingi huo, atakayeshika kalamu Novemba anashauriwa aiache hesabu ya maneno na ahesabu kurasa za daftari, au herufi ikiwa ana kompyuta. Herufi hazidanganyi kwa kiasi kile. Aandike kwa lugha itakayomjia kwanza, hata kama ukurasa mmoja utakuwa na Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe. Asisimame kutafuta neno sanifu la aina ya samaki ambaye mwaloni kila mtu anamwita kwa jina lake. Kusawazisha lugha ni kazi ya pili, nayo haina budi kutengewa muda wake. Kwa Kitereza, kazi hiyo ya pili ilianza zaidi ya miaka ishirini baada ya ile ya kwanza kumalizika.