Kaye, karte na jina lako
Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Kolwezi

Tunashukuru kamati kwa kutupatia nafasi hii kisha hesabu za likelemba, wakati ambapo kila mtu bado ana macho juu ya feza. Tunawasalimia pia wafazili watakaosoma maneno haya katika gazeti la chama. Kuko sehemu inayowahusu, nayo tutaisema wazi.

Tumekuja juu ya eskrokeri. Tunajua neno hilo limekwisha kuchosha masikio. Kila mmoja hapa amepata simu ya mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, ao ujumbe kwamba ameshinda pikipiki katika mchezo ambao hakucheza. Hayo tutayapitia mbio. Tunataka kukaa zaidi juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa wizi, sababu siku ile hakuna kinachopotea. Mtu anakuja na kaye, anaandika jina lako, anapiga picha ya karte yako ya uchaguzi, anaenda zake. Feza yako iko, simu yako iko, kuku wako wako. Alichobeba ni jina.

Mnajua namna inavyopita. Kijana amevaa jile, ana kaye na kalamu, wakati mwingine ametangulizwa na mtu wa avenue anayejulikana. Anasema: "HCR inaandika tena bale balirudia. Benye bataandikwa leo njo batapata bintu." Watu wanafanya mstari. Anaomba karte, anaomba namba ya simu, anaomba alama ya kidole. Mara nyingine anaomba na falanga kidogo "ya fotokopi". Kama wale falanga ndio tu angetaka, tusingekuwa hapa leo.

Tunaelewa sababu watu wanafanya mstari. Kati yetu kuko waliokaa Meheba kule Zambia, ao Mantapala, miaka na miaka, na katika kambi asiyeandikwa hakula. Kuko waliotoka Angola wakapitia Dilolo, nao waliandikwa mpakani, wakaandikwa tena mbele ya kupanda gari. Na kuko wale waliofukuzwa hapa Kolwezi na kule Likasi mwaka 1992 na 1993, wakalala kwenye gare kungoja treni ya kwenda Kasai. Hao wanajua vizuri kuliko sisi namna jina la mtu, na habari ya kwao ni wapi, vinavyoweza kumwangusha. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuona kaye ikipita mlangoni akabaki amekaa. Eskro anajua hilo. Njo maana anachagua kartie ambamo waliorudi ni wengi.

Sasa, anafanya nini na kopi ya karte yako? Sheria inataka kila namba ya simu iandikishwe kwa kitambulisho cha mtu. Mwizi hataki namba yake iwe na jina lake. Anatumia lako. Anaandikisha namba, anafungua juu yake akaunti ya feza ya simu, kisha anampigia mjane wa Likasi ao Lubumbashi, anamdanganya, feza inaingia, inatolewa, namba inatupwa. Mjane anaenda polisi. Polisi wanafuata namba, na namba inawaleta mpaka mlangoni pako.

Tulimsindikiza mzee mmoja aliyeitwa hivyo. Simu yake ni ile ndogo yenye taa, na namba ni ileile tangu aliporudi. Karatasi ilisema ana namba nyingine, na kwamba namba hiyo ilikula feza ya mtu. Alienda na kurudi siku nyingi, kila siku na feza ya pikipiki, mpaka wakakubali kuandika kwamba sahihi iliyo kwenye fomu si yake. Hakuibiwa hata falanga moja na yule mwenye jile. Feza alizopoteza zilienda katika kujieleza.

Hapa kwetu karte ya uchaguzi ina uzito ambao haikufanyiwa. Hesabu ya watu ya mwisho nchini ilifanywa mwaka 1984. Tangu watu walipoandikwa kwa uchaguzi mwaka 2005, karte ile njo imekuwa kitambulisho cha karibu kila mtu: kwa simu, kwa benki, kwa barabara, kwa kazi. Karte ya taifa imesemwa sana, lakini waulizeni majirani zenu kama wanayo mfukoni. Halafu mnakumbuka karte za mwaka 2023, namna maandishi na picha vilivyoanza kufutika mbele ya mwaka kuisha. Watu walikimbilia kwa wenye fotokopi na kutia plastiki. Jambo lile lilikuwa na akili, lakini pale kwa fotokopi karte inapita ndani ya mashine, ao inapigwa picha na simu ya mfanyakazi, na picha inabaki. Simama pale. Kama kazi imefanyika kwa simu ao kwa komputa, mwombe aifute ukiangalia. Na kopi zilizotoka vibaya urudi nazo nyumbani, zisibaki kwenye karto yake.

Kuko dawa moja ya bei rahisi ambayo tunaomba kila mtu aishike. Ukipaswa kuacha kopi ya karte mahali, chukua biki, andika juu ya kopi yenyewe, kwa mshazari, ukipita juu ya picha: kopi hii ni ya kitu fulani tu, kwa shirika fulani, na tarehe. Kwa mfano: "Ni ya kuandikisha mtoto masomoni tu." Kopi yenye maneno hayo haimpendezi mwizi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake. Kama mwenye kupokea anakataa kopi iliyoandikwa hivyo, muulize sababu, na uangalie sura yake wakati anajibu.

Mtu atasema: lakini yule alikuwa na baji kweli, na muhuri. Muhuri unachongwa. Na baji hata ikiwa ya kweli haitoshi. Mwaka 2001 huko Nairobi, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifunua kundi lililokuwa linauzia wakimbizi nafasi za kupelekwa Marekani, Canada na kwingine, na ndani ya kundi lile mlikuwa watu waliofanya kazi HCR yenyewe. Wakimbizi walilipa kitu ambacho ni bure. Tushike hilo tu: kuandikwa na HCR ni bure, karatasi za kurudi ni bure, gari la kurudi ni bure, kupelekwa nchi nyingine ni bure. Siku mtu anapotaja feza, hata kidogo, hata "ya maji tu", mazungumzo yamekwisha. Mpigie shefu wa kartie, mpigie mmoja wa kamati, uulize kama kuko kazi ya kuandika watu wiki hii. Mwenye jile la kweli atangoja. Mwingine atakumbuka kwamba ana mkutano pengine.

Ndugu wa yule mwenye kaye ni mwenye dosie ya kazi. Hapa Kolwezi, na migodi hii yote inayotuzunguka, kijana gani hajapeleka dosie? Anaambiwa kampuni fulani inatafuta watu mia, mkubwa wa kule ni shemeji ya mtu, leta kopi ya karte, diploma, picha mbili za pasporti, na feza ya visiti ya daktari. Feza inaliwa, na hiyo inauma. Lakini angalieni kilichobaki mikononi mwa yule mtu: jina lote, sura, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba na mama, sahihi. Ni dosie kamili ya kuwa wewe. Kijana analia dola zake, dosie hata haikumbuki. Arudi akaidai. Kama haipati, tuandike tarehe aliyoitoa na mahali alipoitoa, na karatasi hiyo ikae kwenye sanduku la chama. Ingemsaidia sana yule mzee.

Juu ya simu sasa. Feza ya simu ilianza Kenya na M-Pesa mwaka 2007, ikatufikia mwaka 2012, na ujanja ulikuja nayo kwenye gari moja. Tanzania kila mtu anajua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwetu ni huu: "Mama, nimekosa, nimetuma makuta ku namba yako, unirudishie, niko na mugonjwa ku lopitalo." Na kweli ujumbe umeingia unaosema umepata feza. Ujumbe umeandikwa na yeye mwenyewe. Usisome ujumbe, angalia solde yako. Kama feza iliingia kweli kwa makosa, kampuni yenyewe inajua namna ya kuirudisha.

Kode ya siri ni neno gumu kwa wengi wetu, sababu maneno yaliyo kwenye simu ni Kifaransa, na mama aliyekulia Solwezi anasoma Kikaonde na Kiingereza kidogo. Basi anampa mwenye kabine simu na kode pamoja: "Unifanyie, mwanangu." Mwenye kabine anaweza kuwa mtu muzuri kabisa, lakini walio nyuma kwenye mstari wamesikia. Ili kukuwekea feza, hana haja ya kode yako hata kidogo. Ili kukutolea, kode unaiandika wewe, kwa kidole chako. Ni namba nne tu. Tumeona bamama wasiosoma hata jina lao wakizijua katika nusu saa, sababu vidole vinakumbuka mahali pa kugusa.

Na kuko wizi wa namba yenyewe. Mtu anaenda anasema amepoteza simu, anaonyesha kopi ya karte, na namba yako inahamia kwake. Kenya, kituo cha Mulot, kwenye barabara ya Narok na Bomet, kimepata jina baya juu ya kazi hiyo. Alama yake ni moja: simu yako inapoteza rezo ghafula, na ya jirani mwenye kampuni ileile inayo. Usilale ukisema itarudi asubuhi. Omba simu ya jirani, piga kwa kampuni, funga akaunti. Tanzania mtu anabonyeza *106# na kuona namba zote zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake. Sisi twende ofisi ya kampuni ya simu na karte mkononi, tuulize: kwa jina langu kuko namba ngapi? Ni haki yako kuuliza. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kode ya Numeriki, na ndani mna sehemu juu ya kulinda habari za mtu.

Juu ya makundi ya WhatsApp ya kuzalisha feza, hatuna mengi. Wazee wanakumbuka Bindo, Kinshasa, 1990 na 1991. Wawaelezee vijana.

Sasa wafazili. Mnatuomba orodha, nasi tunawaelewa: feza inataka ushuhuda. Lakini orodha yenye majina, namba za simu na picha za karte za familia zote za kartie moja, ikitembea kwa imeli kutoka ofisi mpaka ofisi, ni kitu ambacho mwizi angekinunua. Tunaomba shirika lolote, letu pamoja, liangalie karte kwa macho na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe, liandike namba ya orodha peke yake, na picha zisipigwe pale ambapo hazina kazi. Na kila mara watu watakapoandikwa, shefu wa kartie na kamati wajulishwe siku tatu mbele, kwa karatasi, ili mwenye kuulizwa apate jibu. Itachelewesha ripoti kidogo. Mtuvumilie.

Kisha mkutano huu tunaweka meza mbili pale chini ya mwembe. Kwenye ya kwanza vijana wawili wa chama watasaidia kubadilisha kode, na wao watageuka nyuma wakati unaiandika. Kwenye ya pili tunaandika nani aliacha kopi ya karte wapi na lini. Mje na simu zenye chaji, na biki kama mnayo, zetu ni tatu tu.